Dawa za UVIKO-19 mbele ya kirusi kinachojigeuza: ipi imebaki na makali, ipi imechoka

Shangazi yangu ana miaka 72, ana kisukari na presha, na kila mafua yanapopita mtaani kwake hunipigia simu kwa sababu mimi ndiye mfamasia wa ukoo. Mara ya mwisho aliuliza hivi: "Mwanangu, zile dawa za korona bado zinafanya kazi, au kirusi kimeshazizoea?"

Swali lake lina mizizi. Sisi tuliokulia kwenye ukanda wa malaria tunajua maana ya ugonjwa kuzoea dawa. Klorokwini ilitutibu kwa miaka mingi, ikachoka. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikahamia SP, nayo SP haikudumu, na mwisho wa 2006 tukawa tayari kwenye dawa mseto. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akisikia Delta, kisha Omicron, kisha JN.1 na wenzake, lazima awaze kwamba vidonge vilivyosifiwa mwaka 2021 leo ni chokaa tupu.

Sivyo, lakini si dawa zote zimepona. Zipo zilizokufa kabisa, zipo zilizobaki na nguvu karibu ileile, na ipo moja ambayo kirusi hakijaizoea lakini mimi mwenyewe naishika kwa uangalifu. Tofauti yao inaanzia kwenye jambo moja: dawa inakipiga kirusi wapi.

Nje ya kirusi na ndani yake

Kirusi cha korona kimeandikwa kwa uzi wa RNA wenye herufi karibu 30,000. Kila kinapojinakili ndani ya seli zetu hukosea herufi hapa na pale. Kina kimeng'enya cha kupitia nakala na kusahihisha, kitu ambacho virusi vingi vya RNA havina, ndiyo maana hubadilika polepole kuliko VVU. Hata hivyo, kikishaingia kwa mamilioni ya watu, makosa machache yanatosha kuzaa aina mpya.

Makosa mengi hufa bila faida. Yanayodumu ni yale yanayokisaidia kirusi kukwepa kinachokisumbua. Na kinachokisumbua zaidi tangu watu wengi waugue au wachanjwe ni kingamwili zetu, ambazo hushika miiba iliyo nje ya kirusi, ile kinayotumia kuingilia kwenye seli. Kwa hiyo shinikizo lote liko kwenye mwiba. Omicron, iliyopewa jina na WHO tarehe 26 Novemba 2021 baada ya wataalamu wa Afrika Kusini na Botswana kuigundua, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba peke yake. Ndani, kwenye kimeng'enya kikuu kinachokata protini zake, alama yake kubwa ilikuwa badiliko moja tu, P132H, tena mbali na pale dawa inaposhika. Kinyonga amegeuza rangi ya ngozi, mifupa ni ileile.

Kwa hiyo ninapolinganisha dawa hizi sianzi na jina la aina inayovuma mwezi huu. Naanza na swali: hii inashika ngozi au mfupa?

Kingamwili za maabara: zilizokufa zikiwa changa

Mwanzoni hizi ndizo zilikuwa fahari. Wanasayansi walichukua kingamwili ya mtu aliyepona, wakaizalisha maabara kwa wingi, mgonjwa akapewa kwa dripu au sindano. Zilifanya kazi vizuri, na nasema hivyo bila kusita. Tatizo ni kwamba zote zilishika mwiba.

Orodha ya mazishi yake nchini Marekani ni hii. Bamlanivimab iliruhusiwa kwa dharura Novemba 2020, ruhusa yake ikafutwa Aprili 2021 kwa sababu aina mpya zilikuwa zinaikwepa ikitumika peke yake. Mchanganyiko wa casirivimab na imdevimab ulisimamishwa Januari 2022, Omicron ilipotawala. Sotrovimab ikafuata Aprili 2022, safari hii kwa sababu ya BA.2, mmoja wa watoto wa Omicron. Bebtelovimab ilipata ruhusa Februari 2022 na kuipoteza tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, ilipofika BQ.1 na BQ.1.1. Hata miezi kumi haikutimiza. Evusheld, iliyokuwa tegemeo la kuwakinga watu wenye kinga dhaifu, iliondolewa Januari 2023.

Sotrovimab inafundisha zaidi. Haikutokana na mgonjwa wa UVIKO-19. Asili yake ni mtu aliyepona SARS ya mwaka 2003, na iliteuliwa makusudi kwa sababu ilishika sehemu ya mwiba ambayo ni ya pamoja kwa virusi vyote viwili. Hoja ilikuwa kwamba sehemu isiyobadilika kati ya SARS ya zamani na ya sasa haitabadilika leo wala kesho. Omicron ya kwanza ikaonyesha hoja ni nzuri, BA.2 ikaipunguza nguvu. Uingereza iliendelea kuitumia kwa baadhi ya wagonjwa, lakini Septemba 2022 WHO ilitoa pendekezo kali la kutoitumia, hiyo pamoja na casirivimab na imdevimab.

Sasa linganisha na Ebola, maana hapa wengi huchanganyikiwa. Kingamwili iitwayo mAb114 ilitokana na mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo ana mkono mkubwa ndani yake. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, katika mlipuko wa Kivu Kaskazini, kingamwili hiyohiyo iliokoa watu. Kwa nini ya Ebola ikadumu miongo na ya korona ikadumu miezi? Kwa sababu Ebola hutoka kwa wanyama, huua, huzimwa. Haijawahi kuzunguka miaka mfululizo kati ya mamilioni ya watu wenye kinga, kwa hiyo haijapata sababu ya kubadili ngozi yake. Korona imeipata sababu hiyo kila siku tangu 2020. Kosa si la kingamwili kama aina ya dawa. Ni mazingira ambamo kirusi kinaishi.

Kama leo mtu anakuuzia au kukusifia kingamwili ya UVIKO-19, muulize ni ya mwaka gani na imepimwa dhidi ya aina zipi. Zipo mpya, mfano pemivibart iliyoruhusiwa Marekani Machi 2024 kwa ajili ya kuwakinga wenye kinga iliyoshuka sana, lakini nazo zinaishi chini ya tishio lilelile.

Paxlovid: mkasi uliozibwa mdomo

Kirusi kikishaingia kwenye seli hakitengenezi protini zake moja moja. Hutengeneza mnyororo mrefu, kisha proteasi kuu, kile kimeng'enya kikuu cha kukata, huukata kama mkasi vipande mahali pasipopungua 11. Bila kukatwa, hakuna kipande kinachofanya kazi. Nirmatrelvir, dawa iliyo ndani ya Paxlovid, hukaa kwenye mdomo wa mkasi huo usiweze kufumba.

Ugumu wa kirusi kuikwepa uko hapo. Ili dawa isishike, mkasi lazima ubadilike umbo, na mkasi uliobadilika umbo unaweza kushindwa kukata mnyororo wake wenyewe. Badiliko linaloitwa E166V, kwa mfano, huleta usugu mkubwa kwa nirmatrelvir, lakini hukidhoofisha kirusi kinacholibeba. Maabara zimeonyesha kwamba badiliko la pili, L50F, linaweza kukirudishia sehemu ya nguvu. Kwa hiyo njia ya usugu ipo, hilo tusifichane. Ila aina zote kubwa zilizotawala dunia, kuanzia Omicron ya kwanza hadi kizazi cha JN.1, hazikupanda kwa njia hiyo, na nirmatrelvir imeendelea kuzikamata zinapopimwa maabara.

Jaribio lake kubwa lilifanyika mwaka 2021, enzi za Delta, kwa watu ambao hawakuwa wamechanjwa na walikuwa na hatari ya kuzidiwa. Kati ya 1,039 walioanza dawa ndani ya siku tano za dalili, 8 walilazwa au kufa. Kati ya 1,046 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 66. Ni upungufu wa asilimia 88. Ndizo namba zilizoipa jina.

Lakini namba hizo zisichukuliwe kama zilivyo hadi leo, na sababu si kirusi kuzoea. Sisi ndio tumebadilika: karibu kila mtu sasa ana kinga fulani, ya chanjo au ya kuugua, kwa hiyo wanaozidiwa ni wachache tangu mwanzo. Jaribio la pili la Pfizer, kampuni inayoitengeneza, lililohusisha waliochanjwa wenye hatari na wasiochanjwa wasio na hatari, halikuonyesha faida ya uhakika. Nchini Israeli, wakati wa Omicron, waliofikisha miaka 65 walioitumia walipungukiwa na hatari ya kulazwa kwa asilimia 73, wakati wa miaka 40 hadi 64 hawakuonyesha nafuu inayoonekana. Dawa ni ileile, kirusi ni kilekile, tofauti ni nani anaimeza.

Udhaifu wa Paxlovid uko kwa mwenzake, ritonavir. Wanaotumia ARV za mstari wa pili wanaifahamu, ndiyo inayoandamana na lopinavir au atazanavir. Yenyewe haiui korona. Kazi yake ni kulizuia ini lisiivunje nirmatrelvir haraka, na ini likizuiwa hivyo, linashindwa kuvunja dawa nyingine nyingi pia. Simvastatin ya kushusha lehemu hupanda kwenye damu hadi kuumiza misuli. Amiodarone ya moyo huwa hatari. Amlodipine ya presha huongezeka nguvu, ikahitaji kuangaliwa. Na kwetu lipo la kifua kikuu: rifampicin hufanya kinyume, hulichochea ini livunje nirmatrelvir mpaka isibaki ya kutosha. Mgonjwa wa TB aliye kwenye rifampicin hapewi Paxlovid. Vivyo hivyo mwenye kifafa anayetumia carbamazepine au phenytoin. Na mtu mwenye VVU asiyejijua, au asiyetumia dawa, yuko kwenye tahadhari iliyoandikwa kwenye maelezo ya dawa yenyewe: ritonavir yaweza kukifundisha VVU usugu. Kwa anayetumia ARV zake vizuri, anaendelea nazo.

Mdomo huwa mchungu, kama umeng'ata sarafu. Huo si ubaya wa kuacha dawa.

Halafu kuna dalili kurudi. Mwaka 2022 Daktari Anthony Fauci, aliyekuwa mshauri wa afya wa serikali ya Marekani, na Joe Biden, Rais wa nchi hiyo wakati huo, walimaliza Paxlovid, wakapona, kisha kipimo kikaonyesha tena wameambukizwa. Watu wakasema kirusi kimezoea. Waliochunguza virusi vya wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hawakukuta usugu. Dalili hurudi hata kwa baadhi ya watu wasiotumia dawa yoyote.

Remdesivir: iliyoshindwa Beni, ikarudi kwa mlango mwingine

Novemba 2018, Kivu Kaskazini, kulianza jaribio la dawa nne za Ebola. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na wataalamu wa dunia nzima bado wanaliita kwa kifupi chake, PALM. Wagonjwa walikuwa 681. Remdesivir ilikuwa mojawapo ya hizo nne na haikung'ara: asilimia 53 ya waliopewa walifariki, wakati kwa mAb114 ilikuwa asilimia 35. Agosti 2019 ikaondolewa kwenye jaribio. Nafurahi sana kuyataja majina ya miji ya huko, Beni na Butembo, hapa, kwa sababu usalama wa dawa hii kwa binadamu ulijulikana kwa sehemu kubwa kupitia wagonjwa wale, na miezi michache tu baadaye dunia ikaihitaji.

Kwa korona, remdesivir hushika mashine ya kunakili RNA, polimerasi. Hujifanya herufi mojawapo ya uzi, mashine ikaipachika, ikasonga hatua chache, ikakwama. Kile kimeng'enya cha kusahihisha hakiioni kosa kwa urahisi. Na mashine ya kunakili ni mfupa wa ndani kabisa. Alpha, Beta, Delta na kizazi cha Omicron zote zimebaki zikiathirika nayo.

Upande wa wagonjwa, matokeo yake yanategemea umempa lini. Jaribio la Marekani la 2020 lenye wagonjwa 1,062 waliolazwa lilionyesha waliopewa walipona kwa siku 10 badala ya 15. Lile la WHO, Solidarity, halikuona ikipunguza vifo kwa waliolazwa kwa ujumla, na kwa walio kwenye mashine ya kupumulia hakuna faida. Lakini ukiiwahisha, picha inageuka. Katika jaribio la watu 562 wasiolazwa, wenye hatari, dripu tatu kwa siku tatu mfululizo ndani ya siku saba za dalili: 2 kati ya 279 walilazwa, dhidi ya 15 kati ya 283. Ni upungufu wa asilimia 87, karibu sawa na Paxlovid.

Faida yake ni kwamba haigombani na dawa nyingi, na mtu mwenye figo mbovu, hata wa kusafishwa damu, anaweza kupewa. Kasoro ni dripu. Mgonjwa asiyezidiwa arudi kituoni siku tatu, akae kitandani, atazamwe. Mwaka 2020 kampuni inayoitengeneza ilitangaza dola 2,340 kwa dozi ya siku tano kwa serikali za nchi tajiri.

Molnupiravir: kirusi hakijaizoea, mimi ndiye sijaizoea

Hii inaingia kwenye mashine ileile ya kunakili, lakini haiikwamishi. Inaifanya ikosee. Kila nakala inazidi kujaa makosa hadi kirusi kinaanguka kwa uzito wa makosa yake. Ukiuliza kama aina mpya zinaikwepa, jibu ni hapana, usugu wa kweli dhidi yake ni mgumu kujengeka.

Ila nguvu yake ni ndogo. Uingereza ilikuwa ya kwanza duniani kuiruhusu, tarehe 4 Novemba 2021. Jaribio lililoipa jina lilimalizika na upungufu wa asilimia 30: waliolazwa au kufa walikuwa asilimia 6.8 dhidi ya 9.7. Kisha likaja jaribio la PANORAMIC hukohuko Uingereza, watu zaidi ya 25,000, wengi wamechanjwa. Waliolazwa au kufa walikuwa takriban asilimia 1 pande zote mbili. Walipona haraka zaidi nyumbani, basi.

Na liko jambo linalonizuia usingizi zaidi ya udhaifu. Dawa inayokifanya kirusi kikosee inamsaidia mgonjwa kama kirusi kitakufa. Kisipokufa chote? Mwaka 2023 watafiti walitazama mamilioni ya nakala za kirusi kutoka duniani kote wakakuta alama ya makosa yanayofanana na ya molnupiravir, iliyoanza kuonekana 2022, hasa kwenye nchi zilizoitumia kwa wingi, na baadhi ya virusi hivyo vilikuwa vimehama kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Haijazaa aina mpya ya hatari. Lakini mwaka huohuo kamati ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza isiidhinishwe, na kampuni ikaondoa ombi lake. Haipewi mjamzito, na haipewi aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya mifupa na gegedu.

Naiweka mwisho kwenye safu. Siitupi, kwa sababu mgonjwa wa TB aliye mbali na hospitali yenye remdesivir anaweza asiwe na kingine. Kampuni ya Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizopata leseni ya kuitengeneza mwaka 2022, na kidonge kinachofika kina thamani.

Mbili za kutaja kwa haraka

Ensitrelvir, inayouzwa Japani kwa jina la Xocova, hushika mkasi uleule wa Paxlovid bila kuhitaji ritonavir, na humezwa mara moja kwa siku. Katika jaribio lake ilifupisha dalili kwa takriban siku moja. Usugu wake una njia zake, kwa mfano badiliko la M49L, ambalo haliigusi nirmatrelvir kwa kiwango kilekile. Hilo ni la maana: mkasi mmoja, lakini dawa mbili hazianguki lazima pamoja.

Deksamethasoni si dawa ya kirusi. Hutuliza kinga ya mwili iliyopandwa na hasira. Kwa hiyo kirusi kijigeuze mara elfu, hakiigusi. Kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni inaokoa maisha, jaribio la RECOVERY lilionyesha hivyo Juni 2020, na ni ya bei ndogo. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni yaweza kumdhuru. Nimeona watu wakiinunua dukani siku ya kwanza ya kikohozi. Tafadhali, msifanye hivyo, hasa mwenye kisukari, maana sukari hupanda.

Usugu unapozaliwa, unazaliwa wapi

Si kwa shangazi yangu anayemeza siku tano akapona. Kwa mtu wa namna hiyo kirusi kina siku chache za kuishi, kinga inakimaliza kabla hakijajifunza. Hatari iko kwa mtu ambaye kinga yake haiwezi kumaliza kazi: aliyepandikizwa figo, anayetibiwa saratani ya damu, mwenye UKIMWI usiotibiwa. Ndani yake kirusi chaweza kukaa miezi, dawa inakuja na kuondoka, na kila mara kilichobaki ndicho kilichovumilia. Mwaka 2022 ilichapishwa habari ya mgonjwa wa namna hiyo aliyepewa remdesivir, na ndani yake likazuka badiliko la E802D kwenye mashine ya kunakili. Ndiyo maana nchini Italia na kwingineko madaktari wamewapa wagonjwa hao dawa mbili kwa pamoja, remdesivir na nirmatrelvir, tena kwa siku nyingi zaidi ya zile tano. Kwetu hilo si geni. Ndiyo maana ya dawa mseto, na ndiyo maana hakuna anayetibiwa VVU kwa kidonge chenye dawa moja. Mwenye VVU akitumia ARV zake kila siku, anajikinga na korona kukaa mwilini kwa miezi na kuinyima shule.

Basi uchague ipi?

Ningependa kusema mgonjwa huchagua, lakini dawa hizi zote ni za daktari. Unachoweza kuchagua wewe ni kuwahi kupima, na kujua la kuuliza.

Mzee asiyelazwa, siku ya kwanza hadi ya tano, figo si mbaya sana, na dawa zake nyingine zinaweza kusimamishwa siku chache: Paxlovid. Ndiyo chaguo la kwanza la WHO. Figo zikiwa zimedhoofika kiasi, kipimo hupunguzwa. Kwa mwongozo wa Novemba 2023, wenye kinga iliyoshuka ndio WHO inawaweka kwenye hatari ya juu, na wazee wa zaidi ya miaka 65, wenye kisukari na wenye maradhi sugu wanakaa kati. Wa juu wanasisitiziwa, wa kati wanaweza kufaidika, na hao wa kati remdesivir na molnupiravir hazipendekezwi.

Aliye kwenye rifampicin, carbamazepine au dawa za kulinda figo iliyopandikizwa, na kinga yake imeshuka: remdesivir ya siku tatu kama kituo kipo. Kama hakipo, hapo ndipo molnupiravir inapata nafasi, mradi si mjamzito.

Aliyelazwa na oksijeni: deksamethasoni kwanza, na daktari ataona kuhusu remdesivir. Vidonge vya siku tano vimechelewa.

Kijana mzima aliyechanjwa: hakuna kati ya hizi anayoihitaji. Maji, mapumziko, panadol, na akae mbali na bibi yake.

Kuhusu bei, leseni ya Pfizer kupitia mfuko wa hataza za dawa inahusu nchi 95, na mwaka 2022 yalitangazwa makubaliano ya kutengeneza toleo lake kwa chini ya dola 25 kwa dozi nzima. Desemba mwaka huo toleo la kampuni ya Hetero ya India lilipata kibali cha ubora cha WHO. Kwa hiyo ukiambiwa ni dawa ya matajiri tu, uliza mara ya pili, na taja jina la dawa, nirmatrelvir na ritonavir, si jina la biashara.

Shangazi nilimjibu kwa ufupi kuliko hivi. Nilimwambia kirusi hakijaizoea ile inayomfaa yeye, kisha nikamwomba anitumie picha ya dawa zote anazomeza. Alizipanga juu ya kitambaa cha meza: metformin, amlodipine, losartan, na boksi la nne limegeuzwa upande. Nikampigia aligeuze. Simvastatin.

Akaniuliza amwambie daktari wake leo, au asubiri mpaka augue.

Leo, shangazi.